Nataka kujiunga na kikundi cha kuacha pombe. Naanzia wapi?

SWALI

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nina miaka 43, mke na watoto watatu. Zamani nilikuwa nakunywa mwisho wa wiki tu, lakini siku hizi nisipozimua asubuhi mikono inatetemeka hata chaki haishikiki. Nimejaribu kuacha mwenyewe, sikufika mbali. Nasikia kuna vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha. Sijui vinapatikana wapi, nikifika nitaambiwa nini, na kama nitalazimishwa kuungama mbele za watu. Naogopa kukutana na mzazi wa mwanafunzi wangu. Halafu mimi si mtu wa dini sana. Mke wangu anataka twende pamoja, nami sina hakika. Na swali la mwisho: vinasaidia kweli, au ni kupotezeana muda?

JIBU

Mwalimu, maswali yako nitayajibu yote, lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba usipozimua asubuhi mikono inatetemeka. Maana yake mwili wako umeshaizoea pombe kiasi kwamba ikikosekana unaasi. Mtu aliyefika hapo haachi ghafla, peke yake, akiwa amejifungia chumbani. Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kupotea. Kwa wengi mambo huishia hapo na kupoa baada ya siku chache. Kwa baadhi, ndani ya siku 2 za mwanzo huja kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Na kati ya siku ya 2 na ya 4 wachache huanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata homa na kutojua walipo. Hali hiyo isipotibiwa huua. Watu huogopa zaidi alosto, yaani mateso ya mwili unapokosa ulichozoea, ya heroini, kumbe ya pombe ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kuua.

Kwa hiyo kamwone daktari, na umtajie kiasi unachokunywa kweli, si nusu yake. Madaktari wamezoea kupunguziwa hesabu na wagonjwa wa pombe, lakini dozi ya dawa hupangwa kwa kile unachomwambia. Anaweza kukupa dawa za siku chache za kutuliza mwili pamoja na vitamini B1, na yeye ndiye ataamua kama utaachia nyumbani au wodini. Ukishavuka hapo kuna dawa nyingine za kusaidia safari yenyewe: naltrexone na akamprosate ambazo humsaidia mtu asirudi kwenye chupa, na disulfiram ambayo hukufanya uugue ukithubutu kunywa. Muulize kuhusu hizo, kwa maana wagonjwa wengi hawajui hata kwamba zipo. Mpaka umwone, usijikatie pombe yote kwa mkupuo ili kumwonyesha mke kwamba umeamua.

Sasa twende kikundini. Wengi hukwama kwenye mpangilio. Husema: nitaacha kwanza, nikishakaa sawa ndipo niende. Kikundi kimewekwa kwa ajili ya walioshindwa kuacha wenyewe, na wewe tayari unazo sifa hizo. AA, yaani Alcoholics Anonymous, ambacho ndicho chama kikubwa kuliko vyote vya aina hii, kina sharti moja tu la uanachama: nia ya kuacha kunywa. Nia, si kuacha kwenyewe. Unaweza kuhudhuria wiki hii hii, wakati bado unasubiri miadi ya daktari. Kama asubuhi hiyo umekunywa kidogo ili usitetemeke, nenda hivyo hivyo, keti, sikiliza. Vikundi vingi humwomba aliyekunywa siku hiyo asizungumze kikaoni, awe msikilizaji tu, na baada ya kikao aongee na yeyote apendaye. Kinachokatazwa ni kufika umelewa chakari na kuvuruga wengine.

Kukipata kikundi si kazi ngumu, ila inataka ung'ang'anizi kidogo. AA imeenea katika nchi zipatazo 180, na tovuti yake rasmi ina ukurasa unaokuelekeza kwenye namba au tovuti ya nchi unayoitaka. Anzia hapo. Usipopata kitu, nenda kwa watu ambao kazi yao huwakutanisha na walevi kila siku: kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali kubwa iliyo karibu, ofisi ya ustawi wa jamii, mshauri nasaha, au nyumba za soba wanakokaa waraibu wanaopata nafuu. Hizi za mwisho mara nyingi ndizo zenye habari mpya kuliko zote, kwa sababu waliotoka humo ndio wanaoendesha vikundi mitaani. Viongozi wa dini nao hujua, kwa kuwa vikundi vingi hukutana katika vyumba vya nyumba za ibada. Lakini elewa kwamba kikundi ni mpangaji tu pale. Kukutana kwenye jengo la kanisa hakukifanyi kuwa cha kanisa.

Ratiba za kwenye intaneti huchakaa. Kikundi huhama, hubadili siku, hufa, na ukurasa hubaki vile vile. Kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda. Najua simu ya kwanza ni nzito, basi nakuandikia maneno yake: "Habari. Nimeipata namba hii nikitafuta kikundi cha kuacha pombe. Sijawahi kuhudhuria. Kikao kijacho ni lini, na mlango ni upi?" Swali la mlango usiliache. Vikundi hivi havibandiki bango kubwa. Hukutana chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, mlango wa upande, na nimeshuhudia watu waliozunguka jengo, wakaona aibu kuuliza, wakarudi nyumbani. Mwombe pia mtu wa upande wa pili kama anaweza kukupokea nje. Karibu kila mara atakubali, maana naye alipokelewa hivyo hivyo.

Uliza jambo moja zaidi: kikao ni cha wazi au kimefungwa? Cha wazi huingia mtu yeyote, hata ndugu, mwanafunzi wa udaktari au mdadisi tu. Kilichofungwa ni cha wenye tatizo la pombe, au wanaodhani huenda wanalo. Kwa hofu uliyonieleza, wewe anza na kilichofungwa. Humo kila utakayemwona amekuja kwa sababu ile ile iliyokuleta.

Utakachokikuta ndani ni chumba cha kawaida: viti vimepangwa duara au safu, meza yenye vijitabu, birika pembeni, na watu wanaozungumza wawili wawili kama walio kwenye kituo cha basi. Wengine watakuwa wamevaa vizuri kukushinda. Hakuna daftari la mahudhurio, hakuna fomu, huulizwi jina la ukoo wala kazi. Anayeendesha kikao si bosi, ni zamu tu, na mwezi ujao atakuwa mwingine. Atasoma maelezo mafupi, kisha huenda akauliza kama kuna aliyefika kwa mara ya kwanza. Unaweza kuinua mkono na kutaja jina lako la kwanza, au kunyamaza. Nakushauri uinue mkono, na sababu yake utaiona mbele.

Baada ya hapo kikao hufuata moja ya njia mbili. Ama mtu mmoja husimulia maisha yake kwa kirefu: alivyokuwa, kilichotokea, alivyo sasa. Ama mada hutajwa, kwa mfano hasira au siku za mshahara, na kila mmoja huongea dakika chache kwa zamu. Utasikia watu wakianza kwa "Naitwa fulani, mimi ni mlevi." Hulazimiki kuyasema hayo. Zamu ikikufikia sema, "Naitwa fulani, leo nimekuja kusikiliza," na zamu itasonga bila mtu kukukodolea macho. Kuungama unakokuogopa hakupo. Katika AA mwanachama hupitia hatua 12 za kujirekebisha, na ipo moja ambayo mtu humweleza binadamu mwingine makosa aliyoyaorodhesha, lakini hiyo ni hatua ya 5, hufanywa na watu wawili faraghani, na mtu huifikia kwa wakati wake.

Mambo mawili humshangaza mgeni. La kwanza ni kicheko. Mtu atasimulia jinsi alivyokuwa akificha chupa ndani ya tangi la maji la choo, na chumba kizima kitaangua kicheko, kwa sababu nusu yao walificha hapo hapo. Usidhani wanafanya mzaha na maradhi yao. La pili ni kwamba mtu akimaliza kuzungumza, hakuna anayemjibu. Hashauriwi, hakosolewi, hapingwi. Anashukuriwa, anafuata mwingine. Mtu wa chaki kama wewe utawashwa kusahihisha. Vumilia. Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kusema kitu ambacho hajawahi kukitamka popote, akiwa na hakika kwamba hakuna atakayekigeuza kuwa mjadala.

Kikapu kitapita kuchangia kodi ya chumba na vijitabu. Mgeni hatarajiwi kutoa. AA haina ada na haipokei pesa kutoka nje ya wanachama wake.

Nije kwenye mzazi wa mwanafunzi. Sitakuambia kwamba haiwezekani. Usiri katika vikundi hivi ni ahadi, na ahadi haina askari. Kuna watu wenye mdomo kila mahali. Lakini fikiria hali yenyewe itakavyokuwa. Ukimkuta mzazi huyo katika kikao kilichofungwa, naye amekukuta, na kila mmoja wenu ana sababu ile ile ya kunyamaza. Ikikutia wasiwasi sana, chagua kikundi cha mtaa wa mbali au mji wa jirani kwa miezi ya mwanzo. Wengi hufanya hivyo na hakuna anayewauliza. Kikundi hakiandiki barua kwa mwajiri wako wala hakimjui. Na kuna jambo ambalo pengine hakuna rafiki aliyekuambia usoni: mwalimu anayezimua asubuhi, harufu humtangulia darasani. Huenda unachokiogopa wasikijue, baadhi yao wamekijua zamani, ila hawajakuona ukikitafutia dawa.

Kuhusu dini, jibu linategemea unaingia mlango upi. Hatua 12 za AA zinamtaja Mungu waziwazi, na chama kilichipuka kutoka katika vuguvugu la Kikristo lililoitwa Oxford Group. Sitakuficha hilo, wala kwamba vikao vingi humalizika kwa sala fupi ya kuomba utulivu wa kuyakubali yasiyobadilika na ujasiri wa kuyabadili yanayobadilika. Lakini hatua hizo zinasema Mungu "kama tulivyomwelewa", na kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu wa aina yako, ambao walikuwepo tangu miaka ile ya mwanzo. Nimekutana na wanachama wa miaka mingi ambao "nguvu iliyo kubwa kuliko sisi" inayotajwa katika hatua hizo, kwao ni kikundi chenyewe. Wakati wa sala, simama kimya. Vikundi pia havifanani: kimoja kinaweza kuwa na harufu ya ibada, cha mtaa wa pili kisiwe nayo kabisa.

Ukiona bado haikukai, ipo njia nyingine. SMART Recovery, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, haitumii sala wala hatua. Inafundisha mbinu za saikolojia za kushika hamu na mawazo. Kikao chake kinafanana zaidi na darasa. Utapewa karatasi yenye visanduku vinne, uandike faida na hasara za kunywa, kisha faida na hasara za kutokunywa, na humo watu huruhusiwa kujibizana. Mwalimu anaweza kuipenda. Kasoro yake ni kwamba vikundi vyake ni vichache, na huenda ukalazimika kuhudhuria kwa intaneti. Upande mwingine kuna Blue Cross, chama kilichoanzia Geneva mwaka 1877, chenye msingi wa Kikristo bila kificho. Na kwa akina mama wanaoniandikia kwamba hawawezi kuongea mbele ya wanaume, Women for Sobriety ipo tangu 1975, na AA nayo ina vikao vya wanawake peke yao katika miji mingi.

Je, vinasaidia? Mwaka 2020 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima ushahidi wa tiba, lilitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliolinganishwa ni watu walioelekezwa kwa utaratibu maalumu kwenda AA na watu waliopata tiba nyingine zinazoheshimika, ikiwemo ile ya kurekebisha mawazo na tabia. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 42 ya kundi la AA walikuwa hawagusi pombe kabisa, dhidi ya asilimia 35 ya wengine. Zisome namba hizo kwa pande zote mbili. Njia ambayo haina ada ilifanya vizuri sawa na tiba za kulipia au kuzipita, na bado zaidi ya nusu ya watu walikuwa wamekunywa katika kipindi hicho. Anayekuahidi kwamba kikundi kitakuponya anakudanganya, na anayekuambia ni kupotezeana muda hajasoma.

Watafiti walipochimba sababu za kusaidia, walikuta kwamba jambo lenye uzito mkubwa ni la kawaida kabisa: mtu anabadili watu anaokaa nao. Marafiki wa chupa wanapungua, wasiokunywa wanaongezeka. Hapa ndipo natofautiana na namna wengi wanavyovielewa vikundi. Wanadhani tiba iko kwenye hotuba na hatua. Kwa nilivyoona katika kazi yangu, kikao ni nusu tu ya jambo, na nusu ya pili ni zile dakika kumi baada ya kikao kufungwa, watu wanaporudisha viti na kusimama mlangoni. Hapo ndipo namba za simu hubadilishwa. Mgeni mwenye aibu huchomoka mara tu sala inapoisha, akafika nyumbani akasema, "Nimeenda, sikuona kitu." Hakukosea, hakuona kitu kweli, aliondoka kabla. Ndiyo maana nilikushauri uinue mkono utakapoulizwa kama u mgeni: wenyeji watakujua, na kikao kikiisha watakufuata wewe badala ya wewe kuhangaika kuwafuata.

AA yenyewe ilianza kwa simu. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama hotelini mjini Akron, jimbo la Ohio, baada ya biashara yake kuharibika. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, na sauti za wanywaji zilimfikia. Badala ya kuingia alikwenda kwenye simu akaanza kuwatafuta viongozi wa makanisa kutoka kwenye orodha, akiwaomba wamkutanishe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Aliunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kwa shingo upande kumpa dakika 15. Walizungumza zaidi ya saa 5. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho Juni 10 mwaka huo, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kuzaliwa kwa AA. Ona kwamba Wilson hakuwa akitafuta mtu wa kumshauri. Alitafuta mtu wa kumsaidia, kwa sababu aligundua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, hamu yake mwenyewe hutulia.

Basi kazi yako ya kikao cha kwanza ni ndogo: toka na namba mbili za watu wa jinsia yako. Na ya wiki ya kwanza ni ndogo pia: zipige wakati huna shida. Watu huzihifadhi hizo namba kwa ajili ya siku ya hatari, na siku hiyo ikifika, aibu ya kumpigia mgeni huwa nzito kuliko chupa. Piga siku ya Jumanne isiyo na jambo lolote, useme tu kwamba unajaribu simu. Siku ya hatari kidole kitaijua njia. Na usipopokelewa, piga ya pili.

Usikipime kikundi kwa kikao kimoja. Jaribu vikundi vitatu au vinne tofauti kabla ya kusema havikufai. Utasikia ushauri wa vikao 90 katika siku 90. Kwa mwenye kazi na watoto si rahisi, lakini maana yake ni nzuri: mwanzoni nenda mara nyingi kadiri unavyoweza, si mara moja kwa wiki ukijipongeza. Ukishamwona mtu ambaye maisha yake ya sasa unayatamani, na ambaye hajanywa kwa mwaka au zaidi, muulize kama anaweza kuwa sponsa wako, yaani mzoefu wa kukushika mkono katika hatua. Akikataa hakukukataa wewe. Huenda ana watu wengi tayari.

Kuna vikundi vya kukimbia. Kinachodai pesa kubwa kwa jina la uponyaji, ondoka. Kinachokuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, ondoka haraka zaidi. Maandishi ya AA yenyewe yanasema hakuna mwanachama anayepaswa kujifanya daktari, lakini wajuaji hawakosekani. Mwenye kumnyemelea mgeni kimapenzi, hasa dada aliyefika akiwa amevunjika, si mwenzako wa safari hata awe na miaka 20 bila kunywa. Na kiongozi asiyepokezana zamu na mtu, anayejua siri za wote na hakuna anayejua za kwake, mwogope.

Ukiteleza ukanywa, rudi kwenye kikao kinachofuata, si baada ya kujisafisha wiki mbili. Wanakikundi hawatashangaa, wengi wao walirudi hivyo. Ila kama umekunywa siku kadhaa mfululizo, kumbuka niliyosema mwanzoni kuhusu kuacha ghafla, upitie tena kwa daktari.

Iwapo eneo lako halina kikundi kabisa, vikao vya intaneti vipo saa zote za usiku na mchana, na unaweza kuingia bila kuwasha kamera. Navipenda kwa watu wa mbali na kwa usiku wa manane. Siviamini sana vikiwa peke yake, kwa sababu zile dakika kumi za mlangoni hazipo. Ukivitumia, kaa baada ya kikao kufungwa, vingi huacha chumba wazi kwa maongezi, na uombe namba kama ambavyo ungefanya ana kwa ana. Na kikundi cha ana kwa ana hakihitaji umati. Watu wawili wenye nia, chumba cha kuazima na saa maalumu vinatosha; daktari wako au muuguzi wa afya ya akili anaweza kumfikishia mgonjwa mwingine ujumbe wako bila kutaja jina.

Limebaki la mkeo. Kikao chako cha kwanza nenda peke yako, kwa sababu akiwa pembeni yako utachuja maneno yako, na pengine utasikiliza kwa masikio yake. Baadaye mkaribishe kwenye kikao cha wazi, aone mahali unapokwenda. Lakini naye anahitaji chake. Al-Anon, iliyoundwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa yule Bill, pamoja na mwenzake, ni ya wake, waume, wazazi na ndugu wa wanywaji. Watoto wakifika umri wa ujana wana Alateen. Huko Al-Anon mkeo hafundishwi namna ya kukuachisha wewe. Anajifunza kulala usiku hata kama wewe hujarudi, na kuacha kukutungia uongo kwa mkuu wa shule. Anaweza kwenda hata kama wewe utaahirisha. Mpe ukurasa huu ausome mwenyewe, halafu mpige simu zenu mbili jioni moja, kila mtu yake: wewe ya kikundi na ya kliniki, yeye ya Al-Anon.